Msichana wa Pili

Siku Hasina alipokuja kumweleza kwamba maisha yake yangetengenezewa filamu, Twaiba alikuwa akishona sare ya shule, na hakuuondoa mguu kwenye cherehani. Alisema mashaallah, kisha akauliza ni filamu ya namna gani. Hasina akamweleza, kwa haya kidogo, kwamba ni ile habari ya Lunga Lunga, alipotoroka nyumbani kwa Bi Mejumaa akiwa na miaka kumi, akatembea siku mbili hadi kwao Msambweni. Kulikuwa na mama mmoja wa Nairobi, mtengenezaji filamu, jina lake Beryl, aliyemsikia akisimulia katika semina ya walimu akamfuata mpaka shuleni kwake Waa. Mambo yalikuwa yamekwisha kukubaliwa. Wangerekodi Msambweni na Mwabungo kwa wiki tano.

"Na mimi nimo?" Twaiba aliuliza.

Hasina alitazama nguo zilizotundikwa ukutani. "Hawakuniuliza sana habari za mle nyumbani, dada. Wanataka zaidi ile njia."

Twaiba akasema sawa, hakuna neno, akaendelea kushona. Hasina alipokwisha kuaga ndipo Twaiba alipoona kwamba mfuko wa ile sare ameushona mdomo wote ukafungika.

Walikuwa watoto wa mtu na dada yake. Mama yake Twaiba ndiye mkubwa, na Twaiba naye alimzidi Hasina mwaka mmoja. Miaka ishirini na miwili iliyopita Bi Mejumaa, mwanamke wa mbali kidogo katika ukoo, alikuja kuwaomba wote wawili, akiahidi kuwasomesha huko Lunga Lunga alikokuwa na hoteli ya chai na wali. Shule hawakuiona. Waliamshwa alfajiri kukanda unga wa mahamri, mchana wakaosha masufuria, jioni wakafua, na aliyekosea alipigwa kwa mwiko. Mlango wa uani ulifungwa kwa komeo na hawakuruhusiwa kutoka bila mtu mzima. Nyumbani walikuwa wakipelekewa habari kwamba watoto hawajambo na wanasoma vizuri.

Hayo yote watu wa Msambweni waliyajua. Walijua pia kwamba Hasina alitoroka, na kwamba Twaiba alikaa kule miezi saba zaidi. Ilivyotokea hata mmoja akatoka na mwingine akabaki, hakuna aliyewahi kuuliza sana. Hasina akiulizwa husema, "Yeye hakuwahi kutoka," na maneno huishia hapo.

Wale watu wa filamu walikuja na magari matatu na jenereta. Msichana mmoja aitwaye Cynthia, aliyeshughulikia mavazi, aliuliza sokoni fundi mzuri ni nani, akaelekezwa kwa Twaiba. Hakujua kwamba ni nduguye Hasina, na Twaiba hakumwambia. Alipewa kazi ya kushona gauni la yule mtoto, rangi ya samli, mikono mifupi. Gauni lenyewe lilitakiwa manne. La kwanza lilikuwa la siku ya kutoka, la pili limechanika pindo, la tatu limejaa matope, na la nne ndilo la kufikia nyumbani, limekuwa kitambara. Twaiba aliyashona yote manne kisha akayachana matatu kwa mikono yake, akayasugua kwa udongo na majivu mpaka Cynthia akashika kichwa kwa kupendezwa.

Ilikuwa kazi nzuri, na kila siku ilimchoma. Wateja walikuja kupimwa madera ya kwenda kutazama watu wakirekodi, na walipokuwa wamenyoosha mikono wapimwe walimsifu Hasina: alivyokuwa mtoto mwenye moyo, alivyopita Kidimu peke yake, alivyovuka daraja la Ramisi. Mama mdogo, mama yake Hasina, aliwekewa kiti cha mbele chini ya mwavuli. Mtoto aliyechaguliwa kuwa Hasina, Chiku, msichana wa Mwabungo mwenye macho makubwa, alimfuata Hasina kila aendako na kumshika nguo. Usiku mume wa Twaiba, Jaafar, aliyekuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya Diani, alimwambia kuwa hata kazini wanaizungumzia hiyo filamu. Twaiba alimwomba wazungumze jambo jingine.

Mwisho wa wiki ya pili Beryl mwenyewe alikuja dukani kutazama yale magauni. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya chini, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara lakini cha heshima. Aliligeuzageuza gauni la tatu, akauliza Twaiba amejuaje kwamba tope la huko ni jekundu.

"Nilikuwako," Twaiba alisema. "Mimi ni dada yake Hasina. Tulikuwa sote kwa Bi Mejumaa."

Beryl aliliweka gauni chini, akavuta stuli, akakaa. Alisema Hasina hakuwahi kumtajia mtoto mwingine. Maneno hayo ndiyo yaliyommaliza Twaiba. Angejua kwamba hakutajwa kwa bahati mbaya, au kwamba ametajwa kidogo, labda angenyamaza. Alisikia midomo yake ikisema kwamba walipanga kutoroka pamoja, kwamba yeye ndiye aliyepanga, lakini siku yenyewe Hasina alimwacha amelala. Alinyata mpaka mlangoni akatoka. Akavaa na malapa yake Twaiba, kwa sababu Hasina hakuwa na viatu.

Beryl akamwuliza kama ana uhakika, na Twaiba akasema mtu hasahau jambo kama lile. Beryl akashusha pumzi, akasema kwa upole kwamba sasa ameiona filamu yake. Mtoto anayepata uhuru kwa kumwibia mwenziwe. Alimshukuru Twaiba kwa mikono miwili.

Haikuwa hivyo.

Kweli Twaiba ndiye aliyepanga. Alikuwa amewasikia madereva wa malori wakisema kwamba barabara ya lami haikati kona, unaifuata tu mpaka Msambweni. Alikuwa ameficha mahamri makavu ndani ya leso. Siku yenyewe Bi Mejumaa alikwenda arusini Vanga na nyumba ikabaki na bibi mzee asiyesikia vizuri. Baada ya adhuhuri Twaiba alipanda juu ya ndoo, akalisukuma komeo, na wote wawili wakatoka. Walifika hadi ukingo wa barabara. Lori lilipita, vumbi la ukingoni likawafunika, na vumbi lilipotulia Twaiba aliitazama ile barabara, akaona haina mwisho, na miguu yake ikakataa. Alimwambia Hasina amesahau kitu, amngoje. Akarudi ndani. Akafunga mlango, akatia komeo, akaketi chini na mgongo ameuegemeza mlangoni.

Hasina alirudi, akabisha. Alibisha polepole, kwa vidole, asije akamwamsha bibi. Alisema, "Dada, fungua. Dada, twende." Twaiba alivivua viatu vyake akavisukuma nje kwa chini ya mlango. Alisukuma na ile leso ya mahamri. Hasina aliendelea kubisha mpaka adhana ya alasiri, kisha kukawa kimya.

Miezi saba baadaye, wazee walipochoka kungoja Bi Mejumaa amrudishe mwenyewe, gari la chifu lilisimama mbele ya ile nyumba. Baba yake Twaiba alikuwa ndani, na aliyekuja kuwaonyesha nyumba alikuwa Hasina, ameketi mbele karibu na dereva, amesukwa nywele, amevaa gauni jipya la buluu. Twaiba alitolewa mikono imejaa unga. Watu wote walidhani analia kwa furaha. Lakini alikuwa akimtazama Hasina, lile gauni na zile nywele, na alihisi moyoni kitu kikali ambacho hakikumtoka tangu siku hiyo. Hasina aliolewa vizuri, kilikuwamo. Hasina alipata ualimu, kilikuwamo. Twaiba alimpenda nduguye, alimuuguza alipojifungua, alimshonea nguo za Idi bila kuchukua kitu, na wakati wote alimwonea wivu kwa sababu yeye ndiye aliyetembea.

Siku tatu baada ya Beryl kuja dukani, skripti ilibadilishwa. Kurasa mpya aligawiwa kila mtu, Hasina naye akapewa zake. Twaiba alingoja aje. Alijiandalia maneno ya kumjibu, makali, mengi. Hasina hakuja. Walipokutana Mwabungo, kwenye nyumba iliyokodiwa iwe ya Bi Mejumaa, alisema tu, "Shikamoo, dada," kama siku zote, na Twaiba akaitikia marahaba, na Hasina akaenda kuketi na wengine.

Mtoto aliyeletwa kuwa msichana wa pili alitoka upande wa Kinango, jina lake Mapenzi, mwembamba, asiyecheka ovyo. Twaiba alikuwa akimpunguzia gauni kiunoni, sindano mdomoni, Mapenzi alipomwuliza, siku ile alipoamka akakuta viatu havipo, alifanya nini.

"Nililia," Twaiba alisema.

Mtoto akafikiri. "Ulimlilia Hasina, au ulililia viatu?"

Twaiba alijidai hakusikia. Alitoa sindano mdomoni akamwambia asimame wima.

Walirekodi ile sehemu Jumanne asubuhi ya wiki ya mwisho. Mapenzi alilala juu ya mkeka mbele ya mlango ulioachwa wazi, macho amefumba. Chiku aliingia kwa kunyata, akainama, akayachukua malapa. Mara ya kwanza alisimama katikati akasema hataki kumwibia mwenziwe, na ikabidi Beryl achuchumae azungumze naye kando. Mara ya tano alifanya sawasawa. Akatoka na viatu mkononi bila kutazama nyuma.

Watu waliokuwa wamejaa nje ya kamba wakaanza kunong'ona. Mama mdogo alijifunika uso kwa leso, akaondoka kwenye kiti chake akaelekea barabarani, na hakuna aliyethubutu kumfuata. Mwanamke mmoja jirani alimshika Twaiba bega, akamwambia pole sana, miaka yote hii umeliweka moyoni peke yako, wewe kweli una subira. Mwingine akamwambia vivyo hivyo. Hayo ndiyo maneno aliyoyataka tangu akiwa na miaka kumi na mmoja, na sasa alipoyapata hakujua ayaweke wapi. Alitazama upande wa jenereta. Hasina alikuwa amesimama pale na kikombe cha chai, hakinywi wala hakiweki chini.

Twaiba alimfuata kwenye chumba cha nyuma kilichowekwa mavazi. Alifunga pazia. Kwa muda walikuwa wakikunja nguo ambazo hazikuhitaji kukunjwa.

"Mbona hukukataa?" Twaiba alimwuliza.

"Ningekataa, wangeniuliza ilikuwaje."

"Ungewaambia."

"Niwaambie kwamba ulifunga mlango?" Hasina alisema taratibu, bila hasira. "Sijamwambia mtu, dada. Hata mama. Ndiyo maana sikukutia kwenye hadithi. Ukiwamo, lazima waulize kwa nini ulibaki."

Twaiba aliketi juu ya sanduku. Alikuwa ameamini miaka yote kwamba Hasina hakumtaja kwa kuwa alitaka sifa zote ziwe zake. Alimwambia hivyo. Kisha akamwambia lililobaki, kwamba alimwonea wivu tangu siku ya gari la chifu, kwa sababu ya gauni la buluu.

Hasina alimtazama kwa mshangao. "Lile gauni niliazimwa na binti wa chifu. Nilivuliwa tulipofika nyumbani." Akakunja tena gauni lile lile. "Na mimi nilikuonea wewe wivu. Usiku ule nililala ndani ya karavati, mtaro wa maji chini ya barabara. Kila gari likipita najisemea, Twaiba yuko chini ya paa. Twaiba ana mkeka. Nilikuchukia mpaka asubuhi."

Hawakukumbatiana. Twaiba alisema anakwenda kwa Beryl, na Hasina akamwuliza kama anaelewa watu watakavyosema. Twaiba alisema anaelewa, ingawa hakuelewa.

Beryl alikasirika, na haki yake. Zilibaki siku mbili za kurekodi. Alisema ile sehemu ya viatu imetoka vizuri kuliko zote, kwamba filamu si mahakama, na kwamba hao watoto wamehangaika asubuhi nzima. Twaiba alisimama mbele yake mikono ameishika pamoja. Alisema ni nzuri kweli, lakini ni uongo wake, na aliyesingiziwa ni mtu aliye hai mwenye mama aliye hai. Kisha akasimulia yote, tangu lori mpaka adhana. Alisimulia vibaya, akirudia maneno, mbele ya Cynthia na wapiga picha na mama aliyekuwa akimenya viazi. Alipomaliza, Beryl alikuwa amesahau kukasirika.

"Ulikaa nyuma ya mlango muda gani?" aliuliza.

"Tangu adhuhuri mpaka alasiri."

"Na yeye anabisha muda wote?"

"Muda wote."

Beryl alimwambia mpiga picha kamera iliyokuwa nje aiingize ndani.

Walirekodi kesho yake. Kabla ya kuanza Mapenzi alimwendea Twaiba, akamwuliza aogope nini. Safari hii Twaiba hakujidai. Alimwambia kwamba mle ndani alikuwa amezoea. Alijua atapigwa saa ngapi na kwa sababu gani, alijua atalala wapi. Kule nje hakujua chochote. "Usiogope Bi Mejumaa," alimwambia. "Ogopa barabara." Mtoto akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa kitu chake mwenyewe.

Kamera ilikaa kwa Mapenzi. Chiku hakuonekana kabisa. Vilisikika tu vidole vyake kwenye ubao, na ile sauti ndogo ikisema dada, fungua. Mapenzi hakulia. Aliegemeza mgongo, akavua lapa moja, akalitazama, akavua la pili. Twaiba alitazama mpaka mwisho. Alitamani kukimbia, lakini alikuwa amekwisha kufanya hivyo mara moja.

Majirani waliomwambia pole sasa walisema kumbe. Mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake kabla hakijakatwa, akasema amebadilisha mawazo. Mama mdogo alikaa wiki nzima bila kumsemesha, kisha akampelekea samaki wa kupaka kwa mkono wa mtoto wa jirani, bila salamu. Jaafar aliposikia aliacha chakula kikapoa. Mwisho alisema yeye mwenyewe hajui kama angetoka, akanawa mikono akala.

Filamu ilionyeshwa mwezi wa nane mwaka uliofuata, Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja wa Ukunda. Watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Ulipofika wakati wa mlango, mwanamke mmoja nyuma akasikika akisema, "Fungua, mwanangu," kana kwamba mtoto angesikia. Mwishoni Hasina aliitwa jukwaani akapewa shada, watu wakapiga makofi wamesimama. Twaiba naye alisimama akapiga, na ule wivu ukainuka ndani yake, ule ule, ukiwa na miaka zaidi ya ishirini sasa. Hakushangaa. Alikuwa ameacha kutarajia kwamba utakwisha.

Alikuwa akitafuta njia ya kutoka alipohisi mtu akimgusa mkono. Alikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu au kumi na minne, ana mtoto mdogo wa watu mgongoni na mwingine amemshika. Alisema kwa sauti ya chini kwamba anaitwa Mercy, kwao ni bara ya Kinango, yuko kwenye nyumba moja hapa hapa Ukunda tangu mwaka juzi. Amekuja kwa kuwa amewaleta watoto. Mama wa nyumba alikuwa nje akizungumza kwenye simu.

"Wamesema wewe ndiye yule aliyefunga mlango," alisema. "Baadaye ulitoka?"

"Nilitoka."

"Ulijitoa mwenyewe?"

Twaiba alitazama jukwaani. Hasina alikuwa amezungukwa, akipigwa picha. Hasina ndiye aliyejua ofisi za kulinda watoto na wakubwa wa huko, ndiye aliyekuwa na namba zao kwenye simu. Akimwita, huyu naye atakuwa mtoto aliyeokolewa na Hasina, watu watasimulia hivyo, pengine na filamu nyingine itatokea. Lilimpitia akilini wazi kabisa, na aliona aibu, na halikuondoka. Msichana huyu hakwenda kwa Hasina. Alipita watu wote akaja kwake.

"Sikujitoa," alisema. "Alikuja mtu kunichukua. Una nguo zako humu au ziko kule nyumbani?"

"Ziko kule. Na kadi yangu ya kliniki."

"Hizo tutazifuata baadaye, na askari. Wewe usirudi." Alimpokea yule mtoto mgongoni, akamfunga kifuani mwake kwa mtandio, kisha akamshika Mercy mkono. Mkono ulikuwa mkavu, umechubuka kwa sabuni.

Alimwita Hasina kwa jina, kwa sauti kubwa, juu ya vichwa vya watu. Ilimbidi aite mara mbili. Hasina aligeuka, akamwona, akawaona na watoto, akaliweka shada juu ya kiti akaja.